Siki, Gundi na Nyuzi Nne za Besi

Jumatatu, 3 Novemba

Vidole vinawaka moto! Viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vile vya kucharazia nyuzi. Vitatu vya mkono wa kushoto, vile vya kukandamizia. Jumla vitano. Nimebakiwa na vitano vya kushikia kalamu, kijiko na hasira.

Nimewalaani wote waliohusika. Aliyevumbua gitaa la besi. Aliyeamua liwe na nyuzi nne nene kama kamba za kuanikia nguo. Na Mwalimu wa kilimo, ambaye ndiye pia mwalimu wetu wa muziki kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kutunza ufunguo wa stoo ya vyombo.

Siku ya wazazi ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 15. Leo Mwalimu ametangaza kwamba Alhamisi ya tarehe 13 atatupima. Atakayepiga besi wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama, ndiye atakayepanda jukwaani. Atupime sisi akina nani? Mpiga besi ni mimi! Tangu mwezi wa saba ni mimi! Akasema kwa upole (na upole wake ndio unaoniudhi zaidi) eti mwanangu, nakuona unakunja uso tu, kukusikia sikusikii.

Atanisikiaje? Nyuma yangu yuko Radi, mpiga ngoma, anayepiga kama anaua nyoka. Kitufe cha sauti kwenye spika yangu kiko namba mbili, kama siku zote. Kinazunguka hadi kumi, lakini mtu mwenye adabu haendi huko. Ukikosea kwenye mbili unajua wewe na Mungu wako. Ukikosea kwenye saba anajua hadi mlinzi wa getini. Kwa hiyo mimi, ili nisikike, nang'oa nyuzi kwa nguvu zangu zote. Nani mwingine katika bendi hii anajitoa mhanga hivyo? Hakuna.

Shuleni wananiita Kamusi. Kwa sababu nasoma sana na sifunguki mpaka mtu anifungue. Nikiulizwa swali darasani, jibu linafika kooni linakaa hapo. Kwenye besi tu ndipo najua ninachotaka kusema na ninakisema. Nikinyang'anywa besi nitabaki kabati la vitabu lenye miguu.

Halafu Baba. Baba ni fundi viatu, na kibanda chake hakijawahi kufungwa Jumamosi hata moja tangu nizaliwe. Jioni hii ametangaza mezani kwamba tarehe 15 atakifunga, aje anisikie. Nyundo ya miaka ishirini imemla masikio. Amesema anataka kuisikia besi ya binti yake hata mara moja tu, apate cha kuwaambia wateja.

Nikatazama vidole vyangu chini ya meza. Vyekundu. Wasaliti!


Jumanne, 4 Novemba

Sasa namjua adui. Ni Koleo.

Koleo yuko kidato cha pili. Baba yake ni mwashi, na likizo zote anabebeshwa matofali. Vidole vyake ni koleo kweli. Anachukua kiazi kutoka kwenye sufuria inayochemka, anakitazama pande zote, anakirudisha. Katika bendi kazi yake ni kupiga kayamba na kubeba spika. Mpaka leo. Leo Mwalimu amemwambia ajifunze na besi pia, kwa tahadhari. Tahadhari ya nini? Yangu mimi!

Baada ya mazoezi kijana akanifuata. Akasema kwa sauti ya huruma, eti dada, vidole vitakuishia, unapiga kama unafukuza mbwa. Ongeza sauti ya spika, halafu piga taratibu. Akasogeza mkono kuelekea kwenye kitufe changu.

Nikakifunika kitufe kwa kiganja. Nikamtazama. Nilimtazama kwa namna ya kurasa tatu.

Nimeielewa hila yake yote. Niongeze sauti, nikosee, ukumbi mzima usikie, Mwalimu anitoe, yeye aingie. Mtoto wa kidato cha pili! Huko matofalini ndiko wanakofundishwa ujanja huu?

Kwa hasira nimepiga wimbo wote mara kumi na moja, kwenye namba mbili. Kidole cha kati kimetoa lengelenge ukubwa wa punje ya mahindi. Nalitazama linavyong'aa. Nalichukia.


Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata tiba! Maktaba. Siku zote ni maktaba.

Ni kitabu chenye jalada la kijani, cha zamani, kuhusu gitaa la besi. Hakuna aliyekiazima tangu kabla sijazaliwa. Nimefungua sura ya vidole. Ukurasa wa 40, mstari wa mwisho kabisa, unasema hivi: "Maumivu mengi ya vidole vya mpiga besi hutokana na kosa moja dogo, nalo lina dawa rahisi, yaani" na hapo ukurasa unakwisha.

Kurasa za 41 hadi 44 zimechanwa! Nani anachana kitabu? Mtu wa namna hiyo anakula na watu mezani? Anasalimiwa? Nilimlilia msimamizi wa maktaba. Akasema kitabu kilikaa chumba cha bendi muda mrefu kabla ya kurudishwa, na kwamba nimwondolee kelele zangu hapo. Kelele! Nilikuwa nanong'ona!

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikafungua ukurasa wa 45. Unaanza hivi: "na siki kidogo. Rudia kila jioni."

Basi nimeunganisha. Dawa rahisi, yaani [kitu fulani] na siki kidogo. Kitu fulani sikijui, kwa hiyo nimekiacha. Siki ninayo.

Nimemimina chupa nzima ya Mama kwenye bakuli, nikatumbukiza vidole vitano kwa nusu saa, nikiwa nyuma ya nyumba nasoma historia. Vimetoka vimenywea kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Kitabu hakikusema kitu kuhusu hilo. Labda kilisema, kwenye ukurasa wa 43.


Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbaya kuliko zote.

Kwanza darasani. Jirani yangu wa dawati akaanza kunusa. Akauliza kwa sauti nani kala saladi saa moja asubuhi. Wa nyuma akasema harufu inatoka kwa Kamusi. Wa mbele akageuka, akasema eti Kamusi anahifadhiwa asije akaoza. Darasa zima likacheka. Nilikuwa na majibu manne, yote mazuri, yote yakakaa kooni. Nayaandika hapa ili yasipotee: hapana, nimeyasahau. Hasira imeyachoma.

Pili, lengelenge. Nilichoka kulitazama. Nikalipasua kwa bikari ya hesabu wakati wa mapumziko. Likaisha. Nikajipongeza. Jioni nikakitumbukiza kidole kwenye siki iliyobaki, kama kitabu kinavyoagiza.

Sauti niliyoitoa sijawahi kuitoa. Majirani walitoka nje. Baba alitoka nje, na Baba hasikii!

Mama akafika, akaona bakuli, akaona chupa tupu. Akauliza kama kuna mtu humu ndani anayemtafutia kesi. Akauliza kama siki nayo siku hizi ni kitabu cha kusoma. Nikanyamaza. Mama akasema ndiyo maana hawezi kunigombeza vizuri, ni sawa na kugombeza stuli.

Dada akanikalisha kwenye ndoo. Dada yangu anauza duka la dawa pale njia panda, na tangu apate lile koti jeupe anatuona sisi wote ni wagonjwa. Akakiosha kidole kwa maji safi na sabuni, akakifunga. Akatoa amri kama anasoma karatasi ya dawa. Lengelenge halipasuliwi, lenyewe ndilo bandeji. Pumzika siku mbili usiguse waya. Kata kucha. Ukirudi, piga dakika chache, pumzika, piga tena, ngozi ijijenge yenyewe. Na siki ni ya kachumbari.

Siku mbili! Adui anafanya mazoezi, mimi nipumzike! Nikamwambia kitabu kinasema vingine. Dada akauliza kitabu hicho kimewahi kuuguza nani. Akauliza tena, vitabu vyote nilivyosoma vinaingilia wapi na kutokea wapi.

Nimekata kucha tu. Tena kwa sababu nilikuwa nimepanga kuzikata.


Jumapili, 9 Novemba

Mpango mpya, na safari hii ni wa kisayansi. Kidole kinaumia kwa sababu ni laini. Kiatu hakiumii kwa sababu ni ngozi. Kwa hiyo: vidole vivae viatu.

Nilimwomba Baba anipe kazi kibandani. Alifurahi mno, masikini. Akanipa brashi na viatu vya kung'arisha, akaanza kupiga mluzi. Alipogeuka kumpimia mteja soli, nikapekua kikapu cha vipande vya ngozi. Vyote vigumu kama bati. Lakini pembeni kulikuwa na jozi moja nyeusi, ya kiume, ya heshima, na ulimi wake laini ajabu. Ulimi, yaani kile kipande kinachokaa chini ya kamba za kiatu. Kazi yake ni nini hasa? Haufanyi kazi yoyote! Nikaukata ule wa kulia, nikafunga kamba juu, kiatu kikawa kama hakijaguswa.

Nimeshona vikofia viwili vya vidole. Nimevitia nta ya uzi wa Baba. Nimevivaa. Vinapendeza. Nimejiona kama daktari wa upasuaji wa vitu vidogo.

Baba aliporudisha ile jozi kwenye rafu, akasema ni ya Mwalimu wangu wa muziki, ataivaa siku ya wazazi.

Nimekaa kimya. Kukaa kimya ni kipaji changu.


Jumanne, 11 Novemba

Vikofia vimefeli. Niliviingiza kwenye mazoezi ya jana. Kwa namba mbili, besi ilitoa sauti ya mtu anayekung'uta godoro nyumba ya tatu. Radi akasimamisha ngoma akauliza nani anabisha hodi. Koleo alicheka mpaka akakaa chini na kayamba lake. Halafu, mnafiki, akaomba radhi. Akasema tena, dada, kile kitufe. Kitufe, kitufe! Mtoto ana wimbo mmoja!

Mwalimu akaviona vikofia. Akavishika, akavigeuza. Akasema ngozi nzuri hii. Nikavinyakua, nikavitia mfukoni.

Kwa hiyo leo asubuhi nimerudi kwenye kanuni. Tatizo ni uso wa kidole. Uso unahitaji kufunikwa na kitu kigumu kisichozuia sauti. Baba ana gundi ya chupa ndogo, ile kali, ya tone moja. Inashika soli na lori likapita juu. Nikapaka ncha ya kidole cha shahada. Nikapaka ncha ya kidole cha kati. Ilipaswa kukauka dakika mbili. Kengele ya shule ikalia. Nikashtuka, nikakunja mkono.

Vidole viwili vikawa kimoja.

Nilivuta. Nilivuta kwa meno. Nilikwenda darasani hivyohivyo, mkono mfukoni. Kipindi cha kwanza, Mwalimu wa kilimo. Akauliza mazao ya mizizi ni yapi. Kidole kimoja cha jirani kikanichoma mbavuni, nikatoa mkono mfukoni kumsukuma, Mwalimu akaona mkono juu, vidole viwili vimenyooka pamoja kama naapa. Akasema kwa furaha, haya, Kamusi leo amefunguka! Nisimame nijibu.

Nilisimama. Sikujibu.

Mchana nikakimbilia duka la dawa. Watu saba kwenye foleni. Dada akauliza mbele ya wote nina shida gani. Nikaonyesha. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema watoto wa siku hizi. Mzee mmoja akataka kujua ni ugonjwa gani na kama unaambukiza. Dada akajibu kwamba unaambukiza kwa kusoma nusu ya kitabu.

Akanipaka dawa ya kuondolea rangi ya kucha, taratibu, kwa pamba, kama anamwogesha kifaranga. Vikaachana. Ngozi ya juu ikabaki upande mmoja. Akasema nikirudi tena na kichekesho kingine ataniuzia jeneza la vidole.

Kesho kutwa ni kipimo. Vidole vyangu vina hali ya vitu vilivyookotwa. Na bado kuna mtu huko nje anayetembea na ukurasa wa 41!


Alhamisi, 13 Novemba

Kipimo.

Nilianza mimi. Namba mbili. Nilipiga wimbo wote bila kusimama, machozi yakinitoka, nikihesabu nyuzi kama mtu anavyohesabu ngazi anapopanda na jipu mguuni. Sikukosea hata mahali pamoja. Hata pamoja! Nilipomaliza Mwalimu alikuwa ameinama, sikio limegusa spika. Akasema nimeona vidole vikienda mahali sahihi, mwanangu, lakini masikio yangu hayana ushahidi.

Akamwita Koleo. Koleo akazungusha kitufe hadi sita, bila hata kuona haya. Akagusa nyuzi. Hakupiga, aligusa tu, kama anapangusa vumbi. Sakafu ikaitika. Hakukunja uso, hakutoa jasho. Nilimchukia kuanzia kwenye kisigino. Vidole vya koleo hivyo, atahisi nini?

Lakini katikati ya wimbo akasimama. Akasema ameishia hapo, kiitikio cha pili hajakishika, na kwamba wimbo mzima anaujua dada. Akasema yeye aachiwe kayamba lake. Akanipa besi kwa mikono miwili.

Huruma! Mbele ya Radi! Ningeweza kuvumilia kushindwa, lakini kuhurumiwa na kidato cha pili!

Mwalimu akakuna kidevu. Akaamua nipande mimi. Ila kwa sharti. Jumamosi besi isikike mpaka mstari wa mwisho wa viti. Isiposikika, kuanzia Jumatatu besi ni ya Koleo, akishike asikishike kiitikio.

Mstari wa mwisho ndiko Baba anakokaa kwenye kila mkutano, ili asimzibe mtu.

Nimenunua siki nyingine. Nimeuficha mkono na chupa chini ya kitanda. Mkono nimeutoa sasa hivi ili niandike haya.


Jumamosi, 15 Novemba

Hujuma! Hujuma mchana kweupe!

Nianze mwanzo. Ukumbi umejaa. Mgeni rasmi mezani na bilauri yake ya maji. Mwalimu anachechemea. Mguu wa kulia. Kila hatua anauma meno, na kamba za kiatu zinamkata juu ya mguu. Akamnong'oneza Mwalimu Mkuu kwamba amepata lengelenge hajui limetoka wapi. Nikatazama dari.

Mstari wa mwisho, Baba. Shati jeupe. Amesimama ili anione, kisha akakaa kwa aibu alipoona nimemwona.

Nilikuwa na kila kitu. Siki asubuhi, dakika arobaini. Nta. Na uamuzi wa kung'oa nyuzi kwa nguvu ambazo sijawahi kuzitumia, hata vidole vikatike, Baba asikie. Kitufe nilikiacha kwenye mbili, nikaenda kunywa maji. Niliporudi Mwalimu alikuwa anahesabu, moja, mbili, tatu. Nikainua mkono. Nikashusha.

Mlipuko!

Vioo vya madirisha vikatetemeka. Bango la KARIBUNI WAZAZI likaanguka upande mmoja. Bilauri ya mgeni rasmi ikatembea yenyewe hadi ukingoni, akaidaka. Mtoto akalia. Radi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akapiga ngoma kidogo. Nikatazama kitufe. SABA. Nikatazama kando. Koleo na kayamba lake, anatazama mbele, mtakatifu.

Sikuwa na mkono wa kukirudisha. Wimbo umeshaanza. Basi nilifanya jambo pekee lililowezekana. Niliogopa. Nilizigusa nyuzi kwa woga kama unavyomgusa mtoto aliyelala ili usimwamshe. Kushoto nikakandamiza kidogo tu. Nikisubiri mlipuko mwingine.

Haukuja. Ilikuja sauti. Nene, ya polepole, ikatoka kwenye spika ikapita chini ya viti. Nikaona vichwa vinaanza kuyumba, mstari wa kwanza, wa tatu, wa saba. Mwalimu Mkuu mguu wake ukawa unapiga chini bila ruhusa yake. Kwenye kiitikio cha pili Baba alisimama mzima, akapiga makofi katikati ya wimbo, peke yake, na hakuona aibu tena.

Nilimaliza. Nilikosea mara mbili, kila mtu alisikia, na hakuna aliyekufa. Hilo nalo limeniudhi, sijui kwa nini.

Baba alinisubiri mlangoni. Akasema ameisikia. Akasema ameisikia hadi kwenye soli za viatu. Akanishika kichwa kama anavyoshika kiatu kilichokamilika. Nilitaka kusema kitu. Kikakaa kooni. Lakini safari hii hakikuuma.

Sasa kuhusu sayansi. Vidole HAVIUMI. Hata kimoja. Wimbo mzima, na haviumi! Dakika arobaini za siki. Nilijua.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo, Radi akainua stendi ya ngoma. Chini ya mguu wake mmoja kulikuwa na karatasi iliyokunjwa kuzuia isiyumbe. Nikaikunjua. Kurasa za 41 hadi 44! Radi! Miaka yote hii, Radi! Akasema alizikuta hapo, na mpiga ngoma wa kabla yake alizikuta hapo. Wote wale wale!

Ukurasa wa 41 unasema hivi, nanukuu: "kuogopa kusikika. Mpigaji hupunguza sauti ya spika, kisha hupiga kwa nguvu zote ili asikike. Ongeza sauti, legeza mkono, pumzika kila robo saa. Vidole vitapona vyenyewe." Na ukurasa wa 44, mwishoni, unafundisha kuondoa kutu kwenye vyuma vya gitaa kwa kitambaa, maji, kisha unaungana na ule wa 45: na siki kidogo.

Nimesoma mara tatu. Nimefikiri kwa makini. Ni wazi mwandishi hakuwahi kujaribu siki kwenye vidole. Siki ikiweza chuma, itashindwa ngozi? Amepitwa na wakati. Inasikitisha, kwa sababu ukurasa wa 40 ulikuwa mzuri.

Koleo akaja, akauliza vidole vinaendeleaje, dada. Nikamwambia (kwa mdomo! maneno kamili!) kwamba asiguse kitufe changu tena maisha yake yote. Akasema sawa dada. Akatabasamu. Ana meno mengi yule.


Jumatatu, 17 Novemba

Mwandiko utasamehewa. Naandika kwa mkono wa kushoto, nimekaa sakafuni katika chumba cha bendi.

Mwalimu ameniambia asubuhi kwamba besi ni yangu moja kwa moja, mpaka nimalize shule. Alisema hayo akiwa amevaa kandambili. Halafu akasema eti niendelee na ile ile saba. Ile saba! Kila mtu sasa anajua namba yangu!

Nikaamua kulinda haki zangu. Wakati wa mapumziko nimekuja hapa peke yangu, na chupa ndogo ya gundi ya Baba. Nimekirudisha kitufe kwenye namba mbili. Nimemimina gundi pande zote, si tone moja, chupa nzima. Nimekishikilia barabara kwa kidole gumba na cha shahada, kisisogee, mpaka gundi ishike.

Imeshika.

Nimekaa hapa vipindi viwili. Kitufe hakisogei. Mimi pia sisogei. Mkono wa kulia na spika ni ndugu wa damu. Wa kushoto umeanza kuwaka tena, kwa sababu nikingoja nimekuwa nikifanya mazoezi ya kukandamiza kwenye namba mbili, kwa nguvu, ili nisikie.

Koleo ndiye aliyenikuta. Hakucheka, na huo ni ujanja wa kiwango kingine kabisa. Akachuchumaa, akatazama vidole, akatazama namba. Akauliza, kwa heshima zote, kwa nini dada nisikigandishe hata kwenye tano. Amekimbia duka la dawa kumwita Dada na ile dawa ya rangi ya kucha.

Kabla hajafika mlangoni nimempigia kelele, sauti ikatoka vizuri tu, kwamba apitie na nyumbani, chini ya kitanda changu, aniletee siki. Chupa yote.